Yule dubu mweupe si rafiki wa mtoto wako

SEHEMU YA 1

Leo siandiki juu ya chanjo wala juu ya mtoto anayekataa uji. Wiki hii nimetumiwa video moja mara 11. Kumi na moja! Wengi mnaijua: dubu mkubwa mweupe amesimama kwenye theluji, anampapasa mbwa aliyefungwa mnyororo, anamshika kichwa taratibu kama bibi anavyomshika mjukuu. Chini watu wamejaza mioyo myekundu na maneno eti upendo hauna mipaka. Dada mmoja akaniandikia, "Nesi, mwonyeshe mwanao, wangu ameiangalia mpaka akalala."

Hapana, dada yangu. Sitamwonyesha. Na wewe nakuomba uache, na nitakueleza kwa nini, ukasirike ukipenda.

Video ile ilipigwa Novemba 2016, nje kidogo ya Churchill, mji mdogo wa Kanada ulioko pwani ya Ghuba ya Hudson. Kilichofuata hakisambazwi. Siku chache tu zikapita, na mahali palepale dubu akaua mmoja wa mbwa waliofugwa pale, akamla. Maofisa wa wanyamapori wakawaondoa dubu watatu eneo lile. Mwenye mbwa mwenyewe alisema siku ile ndiyo siku ambayo dubu hawakuwa wamelishwa.

Rudia kusoma sentensi hiyo. Hawakuwa wamelishwa. Kile mlichokiita upendo ilikuwa shibe, jamani.

SEHEMU YA 2

Wengine mtasema nesi kakosa kazi, anachambua video za watu. Basi ngoja niwaambie kilichonipata, wenyewe wameniruhusu nisimulie ilmradi nisiwataje.

Vuli moja nilikwenda Churchill kwa mkataba wa wiki 6. Huko hakuna barabara ya kufika. Unakwenda kwa ndege, au kwa treni kutoka Winnipeg, safari ya karibu siku mbili, mgongo unaisha. Wakazi ni kama 900. Kila mwaka Oktoba na Novemba dubu hukusanyika pembezoni mwa mji wakisubiri bahari igande, na watalii nao hukusanyika kusubiri dubu. Wenye uwezo hupanda yale magari marefu ya matairi makubwa, madirisha yako juu kabisa. Bei yake inauma. Wasio na hela hiyo hukodi gari la kawaida wakazunguka wenyewe.

Siku hiyo sikuwa na zamu. Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa palepale, akanichukua tukaone pwani. Njiani tukakuta gari limesimama, milango miwili wazi. Nje yuko baba kijana ameshika simu, na mama kijana amembeba mtoto mgongoni kwa kanga. Kanga, wapendwa! Kwenye theluji, juu ya koti! Nikasema moyoni, hawa ni wa kwetu. Furaha yangu haikumaliza hata dakika, maana nyuma ya yule mama, labda mita 70, kwenye vichaka, kulikuwa na kitu nilichodhani ni rundo la theluji. Mwenzangu hakudhani. Alipiga honi mfululizo, akaliingiza gari katikati ya wale watu na lile rundo. Na rundo likanyanyua kichwa.

Nilishusha kioo nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Ingieni ndani! Ingieni!" Wakaingia. Nadhani walishtushwa na Kiswahili kuliko na dubu.

Dubu wala hakukimbia. Alisimama, akanusa hewa, akatutazama kama mtu anayeuliza bei sokoni bila nia ya kununua leo. Halafu akalala tena.

Jioni tulikaa tukanywa chai. Mume wa Tanga, mke wa Bukavu, wanaishi Winnipeg, mtoto ana mwaka na miezi 4. Yule baba akaniambia kwa adabu kabisa, "Shikamoo dada. Lakini kweli alikuwa amelala. Na mtoto anampenda sana dubu, analala na mdoli wake." Mama akaongeza kwamba walitaka picha moja tu, wao mbele na dubu nyuma.

Tafakari picha hiyo. Ili itoke vizuri, mama alimpa dubu mgongo. Na mgongoni kuna nani?

SEHEMU YA 3

Nani aliwafundisha wale vijana kwamba dubu aliyelala ni dubu salama? Si wajinga. Baba ni fundi umeme, mama anasomea uhasibu. Waliofundisha ni sisi, watu wazima wote tunaopenda kitu kizuri na cheupe na chenye manyoya. Tangu mwaka 1993 Coca-Cola wametuonyesha dubu weupe wanakunywa soda na kutazama anga kama familia iliyotoka kanisani. Halafu kukaja Knut, yule mtoto wa dubu aliyezaliwa katika bustani ya wanyama ya Berlin mwishoni mwa 2006, mama yake akamkataa, mlezi akamnywesha chupa, dunia nzima ikalia. Midoli ikauzwa mpaka basi. Mwaka 2009, katika bustani hiyohiyo, mwanamke mmoja aliruka ukuta akaingia kwa dubu wakubwa wakati wa chakula. Aling'atwa mara kadhaa kabla ya kuvutwa nje. Walikuwa dubu wa kufugwa, wanalishwa kila siku, wamezaliwa wakiona watu.

Sasa na mimi nisiwadanganye kwa upande wa pili. Dubu si shetani. Watafiti walikusanya mashambulizi yote waliyoweza kuyathibitisha, kuanzia mwaka 1870 hadi 2014, katika nchi zote tano anakoishi, yaani Kanada, Urusi, Marekani kule Alaska, Greenland na Norwei. Wakapata mashambulizi 73. Waliokufa 20, waliojeruhiwa 63. Kwa karibu miaka 145! Najua kuna dada ameshaanza kuandika komenti: "Unaona nesi, ni wachache." Ndiyo, ni wachache. Ni wachache kwa sababu watu wa huko ni wachache, na kwa sababu hao wachache hawampi dubu mgongo ili wapige picha.

Na kama mnataka kumpenda, mpendeni kwa vile alivyo. Mtoto wa dubu huzaliwa ndani ya pango la theluji akiwa na kama nusu kilo au zaidi kidogo. Nusu kilo! Sisi wodi ya njiti tukipokea mtoto wa uzito huo hakuna anayekaa. Mama dubu humnyonyesha kwa miezi akiwa mwenyewe hajala kitu, kisha hutembea naye na kumfundisha kuwinda kwa karibu miaka miwili na nusu. Mimi kama mama namvulia kofia. Lakini kile anachomfundisha ni kuua, maana hana shamba wala duka. Chakula chake ni sili, na sili hupatikana kwa subira. Dubu hukaa kando ya tundu la kupumulia kwenye barafu, saa na saa, hatikisiki, mpaka sili atoe pua. Ule utulivu mnaousifia kwenye video, "jamani alivyo mpole", ndiyo kazi yake ya kila siku.

Dume mkubwa huweza kufika kilo 500, 600. Hukimbia kilomita 40 kwa saa. Wewe na viatu vya theluji na mtoto wa kilo 11 mgongoni, tafadhali. Ananusa mbali kuliko unavyoona. Na kuna jambo moja linalomtenga na wanyama wengi tuliowazoea. Wengi wao wakituona huondoka. Dubu mweupe amekulia juu ya barafu ambako kila kinachotembea ama ni dubu mwenzake ama ni chakula, kwa hiyo akikuona anaweza kuja kukuangalia. Haji kwa hasira. Anakuja kujua wewe ni nini.

Utafiti uleule uligundua kwamba wanaoshambulia zaidi ni madume wenye njaa, waliokonda. Majike ni nadra, na mara nyingi ni kwa kulinda watoto. Sasa fanya hesabu ya Churchill. Barafu ya Ghuba ya Hudson huyeyuka mwezi wa sita au wa saba, dubu wanapanda nchi kavu, na huko hawana sili. Wewe unapanga safari Oktoba na familia. Yule uliyemkuta "amelala" hajala mlo wa maana kwa miezi mitatu au zaidi. Amelala kwa sababu anatunza nguvu.

Mimi binafsi sijawahi kupokea mtu aliyejeruhiwa na dubu, na namshukuru Mungu. Nimepokea watoto waliong'atwa na mbwa. Mnajua wanang'atwa wapi? Usoni. Shavu, mdomo, kope. Mtu mzima hung'atwa mguu au mkono. Mtoto wa miaka 3 uso wake uko usawa wa mdomo wa mnyama, na ameinama ili ampe busu. Nimeshika kichwa cha mtoto wa hivyo daktari akishona, na mama yuko mlangoni anarudia neno moja, "Amemzoea. Amemzoea." Huyo ni mbwa wa kilo 25 tu. Dubu naye akishambulia mtu huelekea kichwani na shingoni.

SEHEMU YA 4

Hii ni fupi, na ni ngumu. Kama una mimba changa au umefiwa karibuni, iruke.

Januari 2023, kijiji cha Wales, Alaska, watu hawafiki 200. Mama wa miaka 24 na mtoto wake wa kiume wa mwaka 1 walikuwa wanatoka eneo la shule wanaelekea zahanati. Theluji ilikuwa inapeperushwa, haoni mbele. Dubu aliwaua wote wawili. Mwanakijiji akampiga dubu risasi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka 30 dubu mweupe kuua mtu Alaska.

Kutoka shule kwenda zahanati. Nimefanya kazi kliniki ya watoto miaka mingi, na njia hiyo ninyi wote mmeipita na mtoto mgongoni. Yule mama hakupiga picha, hakuchezea kitu, hakufanya kosa lolote. Ndiyo maana nawakasirikia wanaofanya mchezo.

Julai 2018, karibu na Arviat, Kanada, baba wa Kiinuit wa miaka 31 alikuwa kisiwani na watoto wake. Dubu akatokea. Baba hakuwa na bunduki mkononi. Aliwaambia watoto wakimbilie kwenye boti, akasimama yeye katikati. Watoto wako hai.

Watu hawa ndio wanaomjua dubu. Wanamwita nanuq, wanamheshimu, wamemwinda na kumvaa kwa vizazi. Nendeni mkawaulize kama ni rafiki wa mtoto.

SEHEMU YA 5

Mnaniambia "Nesi unatufundisha woga." Njooni niwaonyeshe Churchill wanavyoishi, muone kama ni woga.

Siku ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa chumba cha dawa, nilionyeshwa namba ya simu ya doria ya dubu imebandikwa ukutani. Saa 4 usiku king'ora hulia, maana yake usitembee kwa miguu. Magari hayafungwi funguo, ili anayekutana na dubu njiani aingie gari lolote lililo karibu. Mwanzoni nilicheka. Wiki ya pili nikajikuta napita barabarani nahesabu milango. Tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween, watoto hupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende kama kawaida, wanacheka, wanapiga makelele, na mji mzima umezungukwa na magari ya doria, helikopta imeshapita mchana kuangalia. Wazazi hawawavalishi watoto mavazi meupe. Basi. Mtoto anakula peremende zake, anarudi nyumbani.

Taka nazo hazichezewi. Zamani dubu walikula jalalani, wakazoea watu, ikawa vita. Mji ukalifunga lile jalala la wazi. Dubu anayeingia mjini hunaswa na kuwekwa katika jengo wanaloliita jela. Anapewa maji, hapewi chakula kabisa, ili asije akajifunza kwamba kwa watu kuna kula, kisha hupelekwa mbali kwa helikopta. Ukimtupia dubu soseji dirishani ili mtoto acheke, umefundisha somo ambalo mji mzima unahangaika asilijue. Mwaka 1983 mtu mmoja aliuawa palepale mjini. Alikuwa ametoka kuokota nyama katika hoteli iliyoungua, ameijaza mifukoni.

Hata kwa tahadhari zote hizo, alfajiri ya tarehe 1 Novemba 2013 dubu alimkamata mwanamke kijana akitoka kwenye sherehe na rafiki zake. Jirani wa miaka 69 akatoka na koleo, akampiga dubu. Dubu akamwacha yule dada akamgeukia mzee. Kilichowaokoa wote wawili ni mtu aliyekuja na gari, honi na taa. Wote walipona.

Sasa komenti moja nataka kuijibu kwa heshima, kwa sababu aliyeandika ana uchungu wa kweli. Anasema dubu wanakufa kwa sababu dunia inapata joto na barafu inapungua, na tukiwasema kwamba ni hatari watu hawatawahurumia. Dada, joto ni kweli. Dubu wa upande huo wa Ghuba ya Hudson walikadiriwa kuwa 842 mwaka 2016. Mwaka 2021 walikadiriwa 618. Lakini barafu ikichelewa, dubu anakaa na njaa muda mrefu zaidi, tena karibu na nyumba za watu. Februari 2019 huko Novaya Zemlya, Urusi, dubu zaidi ya 50 walizunguka makazi ya watu, wengine wakaingia ndani ya majengo, hali ya hatari ikatangazwa. Wazazi waliogopa kupeleka watoto chekechea. Mwaka 2011 huko Svalbard, Norwei, dubu aliyemuua kijana wa Kiingereza wa miaka 17 kambini alikuwa mzee, meno yameisha. Huruma isiyotaka kujua habari hizi haimsaidii dubu. Maana angalia mwisho wa dubu huyo wa Svalbard, na wa Arviat, na wa Wales. Wote walipigwa risasi. Unayemkaribia kwa ajili ya picha, unahatarisha mwanao na unamhatarisha yeye.

"Basi nimwambie nini mtoto?" Mwambie ukweli wa saizi yake. Mwanangu ana miaka 5, nilimwambia hivi: dubu ni mzuri, ana watoto, ana njaa, na hajui kwamba wewe ni mtoto. Akauliza, "Anadhani mimi ni nini?" Nikamwambia sili. Alicheka sana. Tangu hapo mdoli wake wa dubu analala naye, lakini nikimwuliza ukimwona wa kweli utafanya nini, anajibu mwenyewe: nabaki ndani ya gari.

Na ninyi mtakaokwenda, maana najua mtakwenda: hamshuki kwenye gari kwa sababu ya picha, hata kama amelala, hata kama wengine wameshuka. Mkikutwa nje, msikimbie. Mnyanyue mtoto, kaeni pamoja muonekane wakubwa, rudini kinyumenyume taratibu huku mnamwangalia, pigeni kelele, mwelekee kwenye gari au mlango wowote. Kujifanya umekufa hakufai kwa dubu huyu. Akikufikia, unapigana.

Yule mama wa Bukavu amenitumia picha jana. Mtoto amesimama ndani ya gari, mikono miwili kwenye kioo, kioo kimejaa mvuke wa pumzi yake. Dubu yuko mbali kama nukta, huwezi hata kumwona vizuri. Nimeipenda kuliko zote.

Kesho naingia zamu ya usiku, kwa hiyo komenti nitajibu Jumapili. Dada uliyeuliza kama watoto wa chini ya miaka 2 wanaruhusiwa kwenye yale magari makubwa, niandikie faragha unitajie tarehe ya safari, tuongee kwanza habari za nguo za baridi.